Pete ya Nyuma ya Lenzi

Manka mwanangu,

Naandika ukiwa umekwenda kumuaga bibi yako, na kwa jinsi ninavyomjua, hatakuachilia mpaka sahani iwe tupu na akuombee safari nzima, kituo kwa kituo. Kwa hiyo nina muda. Usishangae herufi hizi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Nitakueleza.

Mambo ya sweta, ya simu kuwa na chaji, ya kutoweka pochi upande wa dirishani, nayaruka yote. Baba yako ameyasema tangu asubuhi, na hivi sasa yuko nje anauzungukazunguka mkungu wa ndizi ambao anataka uupakie kwenye basi, kana kwamba Dodoma hawajawahi kuona ndizi. Mpokelee tu. Usimcheke, maana leo hajala chakula cha mchana na anasingizia tumbo.

Mimi nina jambo moja, nalo ni kukushukuru. Ningekuambia kwa mdomo, lakini kila nikianza kusema jambo la moyoni unanikatiza: "Mama, basi, yameisha." Barua haikatizwi. Naiweka juu ya begi lako, ambalo nimeshaliona. Nusu ya nguo bado ziko kitandani, na viatu bado viko chini ya meza. Mtu anayesafiri alfajiri hapangi hivyo, Manka, na najua kwa nini unapanga hivyo.

Nikurudishe kwanza Chekereni, maana hiyo hadithi umeisikia vipande vipande, na vipande vingi nilivikata mwenyewe ili nisionekane mjinga.

Ulikuwa bado uko shule. Mimi nilikuwa nimeipata ile kamera ya begani kwa bwana mmoja aliyefunga studio yake mjini, pamoja na lenzi zake mbili: ndefu ya kanisani, kwa sababu padri hataki mtu amsogelee altareni na inabidi usimame mlangoni uvute, na ile pana ya ukumbini, ambako shangazi wote wanataka kuingia kwenye picha moja. Nikapata harusi ya wakulima wa mpunga kule Chekereni. Nikaamka gizani, baridi ya Uru inauma mpaka kwenye mifupa, nikabandika karatasi ya nyota, ile ya kupimia fokasi, kwenye mgomba, nikazipanga lenzi zote mbili hapo hapo nyumbani na kukaza skrubu. Sikutaka wageni wanione nahangaika na pete za lenzi, wakasema huyu mwanamke hajui kazi.

Tukashuka. Unajua jua la kule chini, halina adabu. Kamera ilikaa kwenye gari mpaka ikawa haishikiki. Nikapiga shughuli nzima bila kuijaribu tena, na kwenye kile kioo kidogo cha kuchungulia kila kitu nilikiona kizuri. Ndafu ilipoingia, mbuzi mzima aliyechomwa, kasimamishwa na majani yake mdomoni, nikaanza na mdomo wake kwa karibu, jani moja moja linaonekana. Kisha nikarudi mbali polepole nionyeshe ukoo wote unavyocheza nyuma yake. Nikajisifu moyoni kwamba hiyo ndiyo picha ya siku.

Mama wa bibi harusi alikuja studio kwangu kuangalia. Akaketi kwenye benchi, mikono magotini. Mbuzi akaonekana safi kabisa. Picha ilipopanuka, watu wote wakayeyuka. Hukuweza kumtofautisha mjomba na spika ya muziki. Yule mama akaangalia mpaka mwisho, akanigeukia.

"Mama Manka, mbuzi nimemwona. Ukoo wangu uko wapi?"

Nikasingizia waya. Nikasingizia televisheni. Nikasingizia hata umeme wa siku ile. Akasema, "Au ni ule ukungu wa kwenu Uru umeshuka nao?" Hapo nikashindwa kusema uongo tena. Nikamwambia fokasi ya nyuma, ile inayopangwa kwa pete ya nyuma ya lenzi, ilihama, na kosa ni langu. Hatukuweza kufanya lolote, maana ndafu haiingii ukumbini mara ya pili ili mpiga picha atulize roho yake. Alinisamehe, Mungu ambariki, lakini mpaka leo tukikutana sokoni ananiita Mama Ukungu, kwa sauti, mbele ya wauza nyanya.

Chuma kikipata joto kinatanuka, hata kwa kiasi ambacho jicho halioni, na lenzi uliyoipanga kwenye baridi haitakaa sawa kwenye joto. Tangu siku hiyo naipanga pale ninapofanyia kazi, siyo pale nilipolala. Dodoma ina joto lake na vumbi lake na watu wake, Manka. Ukifika, usipige picha kwa vipimo vya Uru. Mengine utayaongezea mwenyewe, mimi sitaki kumpokonya padri kazi yake.

Ulipomaliza kidato cha sita ukaja studio "kwa muda tu", ndivyo ulivyosema. Nakumbuka siku ya kwanza nilipokupeleka kwenye mgomba na ile karatasi. Uliiangalia ile mistari myeusi na myeupe inayokutana katikati, ukaniangalia mimi.

"Mama, kamera za siku hizi zinajipanga zenyewe."

"Na wewe unajipanga mwenyewe? Shika karatasi."

Nikakuonyesha. Fungua tundu la mwanga lote. Vuta nyota mpaka ijae, zungusha pete ya mbele mpaka mistari itulie. Sasa rudi mbali, na pete ya mbele usiiguse. Legeza skrubu, uizungushe pete ya nyuma kidogo kidogo, mpaka pale katikati ya nyota paache kuwa doa la kijivu. Kisha rudi karibu uangalie tena. Kisha mbali. Ukaniambia, "Imekaa," ukakaza skrubu kabla hata sijafika. Nikailegeza. Ukapanga, nikailegeza tena. Ulininunia mpaka jioni, ukamwambia baba yako kwamba mama ana gubu. Nilikuwa nalo. Lakini kabla ya mwaka kwisha mkono wako ulikuwa mwepesi kuliko wangu, na nilikuwa naliona hilo na nikikataa kulisema. Leo nalisema.

Sasa nije kwenye herufi kubwa.

Ni muda sasa sioni vizuri. Ilianza na taa za magari usiku kuwa na manyoya. Kisha majina kwenye simu. Kisha nikibandika nyota na kurudi mbali, katikati yake nikawa naona kijivu tu, nikizungusha pete hivi, kijivu, nikizungusha vile, kijivu. Nikasema lenzi imechakaa. Nikaipeleka kwa fundi, akaniambia ni nzima. Nikasema fundi hajui kazi. Nyani haoni kundule, mwanangu, na mimi nilikuwa nyani mwenye kamera. Nikawa naizungusha pete kwa mazoea ya mkono, nikihisi tu kwamba hapa ndipo, nakaza, nasema tayari. Na picha zikawa zinatoka safi! Basi nikavimba kichwa. Si nilikuwa nawaambia wapiga picha wenzangu pale mjini kwamba mimi sihitaji kuangalia, mkono wangu unajua wenyewe? Ulikuwa umesimama pembeni yangu siku hiyo. Ulikuwa unakunja waya, ukasema, "Kweli, mama hakosei."

Kisha ikaja ile harusi ya kule Mkuu, Rombo. Misa ilipokwisha nikatoa lenzi ndefu, nikaweka pana, tukabandika nyota kwenye ukuta nyuma ya kanisa. Nikapanga, nikakaza. Akina mama wakaniita chai. Nilifika jikoni, nikakumbuka nimeacha miwani yangu ya jua kwenye boksi la betri, nikarudi. Nikakukuta umeinama kwenye kamera. Niliposogea nyuma ya nguzo ndipo nikaelewa unachofanya. Ulikuwa umeilegeza skrubu niliyoikaza. Ukavuta nyota, ukarudi mbali, ukazungusha, ukavuta, ukarudi. Ulikuwa unatupa jicho kulia na kushoto kama mtu anayeiba mapera. Ukakaza, ukaibandua karatasi, ukaikunja mfukoni.

Nilijikohoza, nikatokea. Ukanipokea kwa tabasamu. "Mama, nimeiangalia. Fokasi yako imekaa vizuri sana."

Sikuwa na uhakika. Nikasema labda ni siku hiyo tu. Kwa hiyo kwenye ile sherehe ya komunyo ya kwanza kule Kibosho nikakutega. Ndiyo, nilikutega, nisamehe. Niliizungusha ile pete ya nyuma mpaka mwisho wake, nyota ikavurugika hata kwa macho yangu haya, nikakaza skrubu, nikakuambia kwa majivuno, "Imekaa!" Ukachungulia. Uso wako haukutikisika hata kidogo. "Sawa mama," ukasema. "Nenda kaongee na mwenye shughuli, mimi naangalia vyombo."

Jioni nikawasha televisheni studio, peke yangu. Picha safi. Kila mtoto na mshumaa wake, mpaka wale wa mstari wa nyuma. Nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha nikalia.

Nitakuambia ukweli wangu wote. Kwanza nilikasirika. Nilisema moyoni, mtoto huyu ananidharau, ananifanya mzee kabla ya siku zangu. Nilikasirika siku mbili tatu, na zile ndizi nilizokupikia zikiwa na chumvi nyingi hazikuwa bahati mbaya. Lakini hasira haikuwa na miguu. Anayekudharau angeacha uaibike mbele ya wakwe wa watu kule Rombo, aseme si nilijua. Wewe ulichukua aibu yangu ukaibeba kimya kimya, shughuli baada ya shughuli, na ukanipa sifa juu yake. Wote walioolewa mwaka huu, wakiketi kuangalia siku yao, wanawaona watu wao. Mwingine humo ndani ameshazikwa, na wanamwona anacheza. Hiyo ni kazi yako. Imeandikwa jina langu, lakini ni yako.

Asante, Manka. Nashukuru Mungu kwamba nilipokuwa nakusumbua pale kwenye mgomba, nikiilegeza skrubu yako, sikujua namsumbua mtu atakayekuja kunistiri.

Kosa liko kwangu, na hilo nataka tuelewane. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Niliogopa. Mpiga picha akisikika macho yake mabovu, nani atamwita tena? Kila ulipolirekebisha kosa langu nilipata siku nyingine ya kutokwenda hospitali. Sikulaumu kwa hilo, ulifanya ulichotumwa na moyo. Mimi ndiye niliyejibanza nyuma ya mgongo wako, mama mzima.

Na ningeendelea kujibanza, kama si ile simu ya Dodoma.

Nilikuwa zizini na ndoo ya maji, wewe na baba yako mko upande wa pili wa majani ya ng'ombe, simu iko kwenye spika. Nilimsikia yule bwana wa televisheni akikuambia umepata kazi kwao. Nikakusikia unamwomba akusogezee mpaka mwakani, kwa sababu Desemba huku kwetu kazi ni nyingi, watu wanarudi nyumbani, harusi zimefuatana. Ni kweli, harusi zilikuwa zimefuatana. Akakujibu kwamba nafasi haingoji, usipofika wiki hii wanamwita mwingine. Ukakata simu. Baba yako akakuuliza, "Sasa unakataa nini, si ndicho ulichokitaka?"

Ukamwambia, "Baba, nikienda nani atamwangalizia mama?"

Baba yako hakuelewa. Alidhani unazungumzia uzito wa kamera, akasema atanibebea. Mimi nilielewa. Nilisimama pale na ndoo yangu mpaka ng'ombe akainywa yote.

Ulikubali kwenda, najua, kwa sababu baba yako alikushikilia. Lakini nimeona ulivyokubali kwa shingo upande. Hujafunga begi. Jana umemuuliza baba yako kama tiketi inaweza kurudishwa. Leo umezipanga lenzi zangu zote mbili bila mtu kukutuma, ukazifunika kwa kitambaa, kama mtu anayemwachia mgonjwa chakula. Ninajua kwamba kesho alfajiri unaweza kusimama mlangoni ukasema kichwa kinauma. Nakuomba usifanye hivyo, na nakuambia kwa nini huna sababu.

Juzi niliposema nakwenda mjini kununua betri, nilikwenda hospitali. Daktari ni binti wa umri wako hivi, alinimulika macho akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, alicheka, akaomba radhi, akacheka tena. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Unatibika. Watanifanyia upasuaji jicho moja, kisha jingine, nimeshapangiwa. Alisema wengi wanakuja wakiwa wamechelewa kuliko mimi. Hivyo sifi, usianze kulia kwenye barua, wino utatapakaa.

Kutoka hospitali niliketi kwenye benchi nje, nikawapigia simu wenye harusi zote za Desemba. Mmoja mmoja. Niliwaambia macho yangu hayafai mpaka yatibiwe, na sitapiga. Niliyasema hayo kwa mdomo huu uliojisifu mjini. Mmoja alinikatia simu. Mmoja aliniambia ningesema mapema, na ana haki. Mwingine alinipa pole ndefu mpaka salio lake likaisha. Ulimwengu haukuanguka, Manka. Nilishangaa sana.

Ile ya Jumamosi, ya Bomang'ombe, sikutaka kuimaliza kwa simu. Nilipanda gari nikaenda mwenyewe. Mama mwenye shughuli alinisikiliza mpaka mwisho, nikajua leo natukanwa. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kadi.

"Wa kupiga picha tutampata," akasema. "Wewe uje uketi. Miaka yote unazunguka na hilo dude begani, umewahi kula harusi ya mtu?"

Sijawahi, mwanangu. Nimepiga ndafu zisizohesabika, na zote nimezila zikiwa zimepoa, nimesimama nyuma ya jukwaa, sahani juu ya boksi la betri. Jumamosi nitavaa kitenge changu cha bluu, nitaketi mezani na baba yako, na mbuzi akipita nitamla akiwa wa moto. Sitamwona vizuri, lakini mdomo hauna mtoto wa jicho.

Kwa hiyo ile kazi ya Desemba unayotaka kuibakia, haipo. Nimeifuta. Kamera iko ndani ya boksi lake, chini ya kitanda, na haitatoka mpaka niweze kuiona nyota kwa macho yangu. Ukibaki, utabaki kunitazama tu, na mimi sipendi kutazamwa, unanijua.

Hili nimelipanga mwenyewe, kwa macho haya haya mabovu, na skrubu yake nimeikaza. Safari hii usije nyuma yangu ukailegeza. Funga begi.

Aika, asante, mwanangu.

Mama yako